Dola 90 kwa saa: nilichokikuta nyuma ya hesabu ile

Juni 2022 picha moja ya skrini ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Houston. Ilikuwa taarifa kwamba Envoy, Piedmont na PSA, mashirika matatu ya kikanda yaliyo chini ya American Airlines, yamepandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa. Shemeji yangu, mume wa dada, akapiga hesabu pale pale mezani: 90 mara saa 40 za wiki, mara wiki 52. Ikaja dola 187,200. Akanigeuzia simu nione. "Shemeji, wewe unasubiri nini?"

Nilikuwa na miaka 33. Marekani nilifika mwaka 2014 kwa green card ya bahati nasibu, na tangu hapo nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Urubani nilianza 2019, kidogo kidogo, kwa fedha taslimu. Mwezi wenye ovataimu naruka mara nne, mwezi mbaya siruki kabisa. Hadi ile picha inafika nilikuwa na leseni ya rubani binafsi, kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea vyombo vya ndege pale usipoona nje, saa 190 kwenye logibuku, daftari la saa nilizoruka, na sina deni hata senti moja. Nilikuwa nimetumia takriban dola 27,000 kwa miaka mitatu.

Hesabu ya shemeji ilinifanya nione mwendo wangu ni wa kobe. Ndani ya wiki tatu nikachukua mkopo wa dola 62,000, riba asilimia 13, yeye akiwa mdhamini, nikajiunga na shule ya mafunzo ya haraka. Kosa langu kubwa ni hilo, na ndilo lililonifanya niandike haya. Kukopa si dhambi. Nilikopa kwa kutegemea namba ambayo sikuielewa, kwa kazi ambayo masharti yake nilikuwa nimeyasoma nusu.

Kwanza niwaeleze wasioijua kazi yenyewe. Ukikata tiketi ya kampuni kubwa hapa Marekani kwenda mji wa wastani, mara nyingi ndege utakayopanda ni ndogo, labda Embraer 175 yenye viti 76. Rangi na jina ubavuni ni vya kampuni kubwa, ila marubani wameajiriwa na kampuni nyingine, ndogo, iliyokodishwa kuruka safari hizo. Hayo ndiyo mashirika ya kikanda. Kwa wengi wetu tusiotoka jeshini, huko ndiko mlango wa kuingilia ulipo.

Zamani mlango huo ulikuwa mwepesi kuufungua na mshahara wake ulikuwa aibu. Mtu aliweza kuajiriwa na leseni ya kibiashara, yaani saa 250 hivi, akalipwa takriban dola 20,000 kwa mwaka. Kilichobadilisha mambo ni msiba. Usiku wa 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo, New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Ilikuwa Bombardier Q400, aina ambayo Air Tanzania nayo inaitumia kwa safari za ndani. Mwendo ulipungua mno, ndege ikatoa onyo, na kapteni akavuta usukani pale alipotakiwa kuusukuma mbele. Uchunguzi uliibua mambo ya uchovu na malipo: rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kuanza kazi Newark, na mshahara wake ulizungumzwa hadharani.

Familia za marehemu hazikunyamaza. Zilikwenda Bunge la Marekani mara kwa mara mpaka sheria ikapita Agosti 2010, na kufikia 2013 hata rubani msaidizi alitakiwa awe na leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa usafiri wa mashirika, ambayo kwa kawaida inataka saa 1,500. Kuna watu hadi leo wanabishania sheria hiyo, kwa sababu marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Mimi nimezipita hizo saa moja moja, na naziheshimu. Nilichojifunza kati ya saa ya 300 na ya 1,500 kisingeingia kichwani kwa kusoma.

Yapo mapunguzo. Aliyeruka jeshini anaweza kuingia na saa 750, mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa saa 1,000, mwenye stashahada ya miaka miwili ya fani hiyo saa 1,250. Mimi nina shahada ya biashara ya nyumbani. Haikunipunguzia hata saa moja, na hilo nililijua baada ya kusaini mkopo. Ungekuwa na miaka 19 sasa hivi na unataka kazi hii, ningekuambia uangalie kwanza vyuo hivyo, kwa sababu saa 500 pungufu ni karibu miezi saba ya maisha yako.

Jambo lingine la mwanzo ni cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kichukue kabla hujalipa ada popote. Kijana mmoja tuliyesoma naye alikuwa ameshatumia zaidi ya dola 20,000 ndipo akaenda kupima, akakutwa na tatizo la kutofautisha rangi. Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake siku ile, na sikupata neno la kumwambia.

Kwa sisi tusio raia kuna hatua ya usalama wa taifa: unaomba ruhusa, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri. Kipindi changu ilikuwa dola 130 kwa kila ombi, nami niliomba mara tatu: leseni ya kwanza, kibali cha vyombo, na injini mbili. Siku hizi utaratibu umebadilika, hivyo uliza upya. Kuhusu ajira, uraia sikuulizwa popote. Walitaka haki ya kufanya kazi na uwezo wa kutoka na kurudi nchini bila kikwazo, na green card ilitosha.

Shule ya haraka ilikuwa haraka kweli. Asubuhi kuruka, mchana darasa, usiku kusoma. Novemba mwaka ule ndege iliyotoka Dar iliangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, ikaua watu 19, marubani wote wawili wakiwemo. Mama yuko Muleba, mkoa huo huo. Alinipigia usiku wa huku, kwake kulikuwa kumekucha. Hakusema mengi. "Mwanangu, wale wazee unaowahudumia, kwani kazi ile ina ubaya gani?" Nilikosa jibu. Kesho yake nilikuwa na somo saa moja asubuhi, nikaenda, nikaruka vibaya, mwalimu akanirudisha chini baada ya dakika 20, na alifanya vema.

Katika haraka ile nilibeba makovu mawili. La kwanza nilikuwa nalo tangu mtihani wa kibali cha vyombo, mwaka 2021: nilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa kabla ya kufika pale ramani inaporuhusu kushuka. Futi 200 tu, ila angani usiku kwenye mawingu futi 200 ni mlima. La pili ni mtihani wa ukufunzi. Mtahini aliniomba nimweleze, kama vile namfundisha mwanafunzi, vibali gani naviandika kwenye logibuku yake kabla sijamruhusu kuruka peke yake. Nilibabaika. Nilikuwa nimeenda kwenye mtihani ule nikiwa sijaiva kwa sababu tarehe za watahini ni adimu, na shule iliniambia nikiikosa ile nitasubiri wiki sita. Ningesubiri! Wiki sita ni kitu gani? Kila unaposhindwa mtihani wa leseni, rekodi inaingia kwenye kanzidata ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na kila mwajiri atakayekufikiria ataisoma. Ada ya kurudia niliimaliza kuilipa wiki ile ile. Rekodi ipo hadi leo.

Machi 2023 nikawa mkufunzi. Hapa ndipo saa zinapopatikana kwa wasio na fedha: unamfundisha mwingine, mafuta analipa yeye, saa inaandikwa kwako pia. Nililipwa dola 25 kwa saa, na saa inahesabika mwanafunzi akiwapo. Houston ina ukungu wa majira ya baridi na radi za mchana wa kiangazi. Mawingu yakishuka umekaa kwenye kochi la ofisi, hulipwi na huongezi saa. Miezi mingine nilipata dola 2,100, mingine 1,300. Septemba 2023 mkopo ukaanza kudai. Riba ya kipindi cha masomo ilikuwa imeongezwa juu ya mtaji, deni likawa karibu dola 68,000, na malipo dola 1,018 kila mwezi.

Nikarudia zamu mbili za usiku kwa wazee. Nilijipa moyo kuwa naziweza, nimezizoea.

Asubuhi moja ya Februari 2024 nilitoka zamu saa 12, nikaoga, nikaenda uwanjani. Mwanafunzi wangu, dada mmoja makini sana, alikuwa anashika kimo cha futi 4,500, anga tulivu, jua linapiga kioo. Nikasikia ananiita. Akaniita tena. Nilikuwa nimesinzia. Sijui sekunde ngapi. Nilichukua usukani tukarudi, nikamwambia ukweli hapo hapo chini, sikumtoza somo lile, nikamweleza na mkuu wa wakufunzi. Kisha nikakaa ndani ya gari nikamwaza yule binti wa miaka 24 aliyesafiri usiku kucha kwenda kazini. Nilikuwa nimeisoma habari yake kama historia ya sheria.

Zamu za usiku niliziacha wiki ile. Nikaachia chumba changu, nikahamia kwa dada na shemeji, nikalala chumba kimoja na mpwa wangu wa miaka tisa. Mtu mzima kulala kitanda cha chini, mtoto juu. Haikuwa rahisi, lakini ungeniuliza ni uamuzi gani ulioniokoa katika safari yote, ni huo. Kabla hujakopa, zungumza na ndugu zako kuhusu miaka miwili ya ukufunzi na utakapolala. Gharama ya masomo kila mtu anaiuliza. Miaka ile miwili haimo kwenye kipeperushi chochote.

Agosti 2024 nikatimiza saa 1,500. Nilipiga picha ya ukurasa ule nikamtumia mama.

Wakati ule soko lilikuwa limegeuka. Mwaka 2022 mashirika ya kikanda yalikuwa yanahangaika, makapteni wao wanahamia kampuni kubwa, na mwenye saa zilizotimia alipewa tarehe ya darasa kabla wino haujakauka. Mwaka 2024 kampuni kubwa zilipunguza kuajiri. United ilisimamisha hata kuajiri marubani kwa Mei na Juni kwa sababu ndege mpya za Boeing zilichelewa. Makapteni wakabaki walipo, madarasa ya wapya yakajaa, wakufunzi waliotimiza saa wakawa wengi. Saa 1,500 zilikuwa kiwango cha sheria. Kiwango cha mwajiri kilikuwa kimepanda juu yake, na hakikuandikwa popote kwa uwazi.

Nilikikuta kwenye injini mbili. Sheria inataka saa 50 za ndege ya injini mbili, lakini hadi 25 unaweza kuzipata kwenye simuleta ya kampuni, mashine inayoigiza ndege, wakati wa mafunzo yao. Mimi nilikuwa na 27, nikajiona niko salama. Wakati wa uhaba ningekuwa salama. Sasa waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walikuwa na 60, 100. Maombi sita, kimya. Nikatafuta mwenzangu tugawane gharama, mmoja anarusha kwa kutegemea vyombo huku amezibwa macho asione nje, mwingine akiwa rubani wa usalama anayeangalia nje, na kwa mtindo huo tukaongeza saa kwa nusu bei. Kama uko kwenye saa 600 leo, anza hilo sasa, pole pole, usingoje mwisho kama mimi.

Usaili wa kwanza nilipata Novemba 2024. Kampuni sitaitaja. Sehemu ya ufundi nilijibu: kusoma ramani za kutua, kutafsiri METAR, ile ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, nini unafanya injini ikifa wakati wa kupaa. Logibuku yangu waliifungua ukurasa kwa ukurasa, wakajumlisha wenyewe. Halafu kapteni aliyekaa kushoto akasema, tueleze kuhusu mitihani miwili uliyoshindwa. Nikaeleza kuwa mtahini wa kwanza alikuwa na haraka siku ile, na kuhusu wa pili, shule ilinisukuma. Yote mawili yalikuwa na chembe ya ukweli. Kapteni akafunga faili taratibu. Barua ya kukataliwa ilifika baada ya siku nne.

Niliumia. Usiku ule dada aliniletea chai chumbani, akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akaniuliza wamekukatalia nini. Nikamsimulia nilivyojibu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, hapo hujasema wewe ulikosea nini." Kwa muda wote ule sikuwa nimelisema, hata kwa nafsi yangu.

Februari 2025 nikaitwa na kampuni nyingine. Swali likaja lile lile. Nikasema: nilishuka futi 200 mapema kwa sababu sikuhakikisha nimefika kwenye kituo kilichoandikwa kwenye ramani, tangu siku hiyo nakitamka kwa sauti kabla ya kupunguza kimo, na wanafunzi wangu wote nimewafundisha hivyo. Na mtihani wa ukufunzi nilikwenda sijajiandaa, tarehe niliikubali mwenyewe. Wakauliza maswali mawili zaidi, tukaendelea. Habari ya kusinzia niliitoa mimi, walipouliza ni lini niliwahi kukiri kosa kazini. Nilitetemeka kuisema. Simu ya kuajiriwa ilikuja siku iliyofuata.

Kampuni ndiyo iliyolipia kozi ya lazima kabla ya mtihani wa maandishi wa leseni ya juu, saa 30 za darasa na 10 za simuleta. Inagharimu takriban dola 5,000 kwa anayejilipia, nami Desemba nilikuwa karibu kuilipa kwa kadi ya benki ili nionekane tayari. Uliza kwanza, mashirika mengi ya kikanda huwalipia waajiriwa wapya. Uliza pia kuhusu bonasi. Nilipewa bonasi yenye mkataba kwamba nikiondoka kabla ya miaka miwili nairudisha. Soma ukurasa ule mara tatu, maana ukishindwa mafunzo nayo inaweza kuhesabiwa umeondoka.

Sasa ile dola 90. Ndiyo, ni kweli, ndicho kiwango changu. Saa ya rubani inaanza kuhesabika ndege inapoondoka kwenye maegesho na inakoma inapoegeshwa. Kuwahi uwanjani, kukagua ndege, abiria kupanda, kukaa saa tatu mjini fulani kusubiri safari inayofuata, havimo. Kwa hiyo saa 40 za wiki za shemeji hazipo. Nina dhamana ya saa 75 kwa mwezi, iwe nimeruka au sikuruka: dola 6,750 kabla ya makato, kama 81,000 kwa mwaka. Kuzifanya hizo saa 75 naweza kuwa mbali na nyumbani saa 250, na kwa muda huo napata posho ya chakula ya karibu dola 2 kwa saa. Baada ya kodi, bima na michango mkononi inabaki karibu 4,900. Toa mkopo 1,018. Toa kitanda: kituo changu ni Chicago, nyumbani Houston, hivyo nalipa dola 350 kwa kitanda kimoja kwenye nyumba ya marubani karibu na uwanja wa O'Hare, watu 12 tunapishana.

Ni fedha nzuri. Sijawahi kupata mshahara wa namna hii, na namshukuru Mungu, na nazishukuru familia za Buffalo ambazo sizijui. Lakini ningekuwa na hesabu hii mwaka 2022, ningekopa nusu ya nilichokopa na kuendelea na mwendo wa kobe kwa leseni ya kibiashara.

Kila kitu hapa kinakwenda kwa tarehe uliyoajiriwa. Likizo, kituo, Krismasi, ndege gani, nani atapunguzwa kwanza. Mimi ni wa chini, hivyo niko kwenye zamu ya kusubiri: simu ikiita nina saa mbili niwe uwanjani. Mwezi fulani nimeruka saa 38 tu. Mshahara hauguswi, ila ili niwe kapteni natakiwa kuwa na saa 1,000 ndani ya shirika la ndege, na kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka miwili. Hata siku 120 za mwanzo, ambazo sheria inataka uwe umeruka saa 100 ili ujuzi ukae mkononi, nilizimaliza kwa tabu. Nilikuwa namwomba mpangaji wa ratiba safari yoyote, hata ya usiku wa sikukuu.

Desemba nilikuwa nyumbani siku nne. Shemeji aliniomba nimwonyeshe hati ya mshahara, akavaa miwani, akaisoma kama anasoma barua ya posa. Akaweka kidole kwenye 75.

"Na hizi saa nyingine za mwezi?"

"Hizo nasubiri, shemeji."

Akachukua kalamu. Tukaandika upya, mimi nataja, yeye anaandika: kodi, bima, kitanda cha Chicago, Muleba kwa mama, na ule mkopo wenye jina lake. Malipo 28 yametoka. Yamebaki 92. Akaipiga ile karatasi picha, akaituma kwenye kundi lile lile la WhatsApp.